Kumwonjesha Mtoto Jina

Aguti alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, nao ni kwamba hakuweza kusema "sijui". Muulize njia ya kwenda mahali ambapo hajawahi kukanyaga, atakuelekeza kwa mkono na kwa kidevu, nawe utapotea huku ukimshukuru. Pale Malaba, kwenye kijiduka chake cha kutoa fotokopi na kuchaji simu za madereva wa malori, ugonjwa huo ulimletea wateja. Nyumbani ulimletea makubwa.

Yote yalianza kaka yake Okurut alipomwoa Rosalba. Rosalba alitoka Peru, akaja kituo cha utafiti cha Alupe kuchunguza mbu, akawapata mbu na akampata Okurut. Wawili hao walisemezana kwa Kiingereza, wakapendana kwa Kiingereza, wakapata binti. Aguti naye, asije akapitwa, akaanza kujifunza Kihispania kwenye simu. Mwaka mzima, mashine ya fotokopi ikipata moto, alikaa akirudia alichofundishwa: tembo anakunywa maziwa, shangazi yangu ana kofia nyekundu. Kisha akakitangazia kijiji kizima kwamba Kihispania sasa anakijua. Watu wakamwamini, maana nani angembishia?

Siku za mwizi ni arobaini. Mamake Rosalba, Senyora Hermelinda, akapanda ndege kuja kumwona mjukuu wake na kushuhudia akipewa jina. Hakujua Kiingereza, hakujua Kiswahili, na Kiteso hata hakuwahi kusikia kwamba kipo. Alifika nyumbani kwa kina Okurut, upande wa Adungosi, akiwa na kofia, mtandio wa sufu na mkoba mkubwa ambao hakumruhusu mtu kumbebea.

Sasa nani atamtafsiria? Okurut hawezi. Kwa Wateso mwanamume hakai uso kwa uso na mama mkwe wake. Humwachia njia, humwachia kiti, hata kivuli chake hukiondoa. Tangu mgeni aingie, Okurut alikuwa akiishi nyuma ya jikoni, akiletewa chakula huko kama mtu mwenye tetekuwanga. Rosalba naye hawezi, kwa sababu Mama Euphrasia, mama yao Aguti na Okurut, alikwisha sema kwamba siku ya jina, mama wa mtoto hukaa ndani ya mlango na hafungui mdomo mpaka jina lipatikane. Macho yote yakamgeukia Aguti. Na Aguti, kwa ugonjwa wake ule, akasema, "Niachieni mimi."

Hapa inafaa ujue Mama Euphrasia alitaka nini, maana alilitaka kwa moyo wote na hakulificha. Alitaka mtoto huyu aitwe Anyait.

Anyait alikuwa mama mkwe wake. Euphrasia aliletwa hapo akiwa bibi arusi kutoka ng'ambo ya mpaka, hana ndugu hata mmoja upande huu, na wenyeji wakawa wanamcheka jinsi anavyoongea. Anyait akawaambia kwamba anayemcheka msichana huyu ameanza na yeye. Miaka ikapita bila mtoto, wanaume wa ukoo wakaanza kunong'ona habari za kuleta mke wa pili. Anyait akatoa mchi wa kinu, akaketi nao mlangoni kwa mwanawe tangu asubuhi hadi jioni. Hakumpiga mtu. Alikaa tu, na kila aliyekuja na lile neno aliuona mchi, akageukia habari za mvua.

Huyo ndiye alikufa, na tangu afe jina lake halikuwahi kuitwa tena uani. Euphrasia aliumia kwa hilo kuliko alivyoumia kwa mambo mengi makubwa zaidi. Wajukuu wawili wa kike walikwisha zaliwa kwa wanawe wakubwa, na wote wawili walilikataa jina la Anyait, maana kwao jina halitolewi na mzazi. Nyanya huchovya kidole katika ajon, pombe ya wimbi, akakiweka mdomoni mwa mtoto huku akilitaja jina la mmoja wa waliotangulia. Mtoto akikinyonya kidole, amelikubali jina. Akigeuza uso, limekataliwa, na hakuna rufaa.

Sasa, hilo ndilo husemwa mbele ya watu. Lisilosemwa, na ambalo kila nyanya kutoka Malaba hadi Amukura analijua, ni kwamba mtoto mwenye njaa hunyonya kidole chochote. Ukitaka jina fulani, hakikisha mtoto hajanyonya tangu alfajiri, kisha uanze na hilo. Euphrasia alifanya hivyo mara mbili, na mara mbili wakamwangusha wake za wanawe. Vivianne, mke wa mwana wa kwanza, alimnyonyesha mtoto wake kwa siri nyuma ya choo kwa sababu alitaka jina jingine. Wa pili akajifunza kwa Vivianne.

Okurut ndiye alikuwa mwana wa mwisho. Na usiku wa siku ileile ya jina, Rosalba na mtoto walikuwa wapande basi la Nairobi pamoja na Senyora, kisha ndege, wakakae kwa Senyora mpaka mwisho wa mwaka. Mtoto akiondoka bila jina, huko atapewa la huko. Euphrasia alilijua hilo vizuri.

Jioni kabla ya siku yenyewe, wanawake wakiwa wameketi sebuleni, Senyora akamuuliza Aguti kesho kuna nini hasa.

"Mwambie kesho tutamjaribu mtoto majina," Euphrasia akasema.

Rahisi kama nini. Aguti akatoa simu. Shida ni kwamba kamusi yake ilijua Kiingereza na Kihispania peke yake. Kiswahili haikukijua, na Kiteso ndiyo usiseme. Kwa hiyo neno lilitoka kwa mama yake kwa Kiteso, likapita kichwani mwa Aguti kwa Kiswahili, likavaa Kiingereza, likawa "try", ndipo likabisha hodi kwenye simu. Simu ikafungua mlango, na waliotoka si mmoja: intentar, tratar, probar, ensayar, juzgar.

Aguti akakodoa macho. Kumbe Waingereza ni watu wa kubana matumizi. Neno moja wanalituma kazi za watu watano. Wahispania wao kila kazi wameiajiria mtu wake. Kujaribu kufungua mlango kuna wake, kujaribu nguo kuna wake, na kumfikisha mtu mbele ya hakimu kuna wake.

Mtu mwingine angeuliza. Rosalba alikuwa chumba cha pili, akimbembeleza mtoto, na kabla ya kesho mdomo wake ulikuwa bado huru. Lakini kuuliza ni kusema "sijui", kwa hiyo Aguti akaamua kutumia akili. Akafikiri: kesho wazee watakaa mbele. Majina yataitwa moja moja. Mtoto atatoa uamuzi na hautapingwa. Hiyo kama si kesi ni nini? Akachagua la mwisho, juzgar, maana pia lilisikika zito, la heshima.

Akamgeukia mgeni, akakohoa kidogo, akamweleza kwa Kihispania safi kwamba kesho, mbele ya wazee wa ukoo, mtoto atahukumiwa.

Senyora Hermelinda akaweka kikombe chini. "Amefanya nini?" akauliza. "Hata jino hana."

Aguti akaona mambo yameharibika. Akajaribu la kwanza, intentar, na kwa uso wa Senyora akajua amemwambia kitu kama kwamba kesho wazee watafanya bidii ya kupata mtoto, wakati mtoto tayari yupo, analia chumba cha pili. Mwishowe Aguti akaacha sentensi, akatupa maneno matupu: kesho, jina, sherehe, furaha. Akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Senyora akatabasamu pia, lakini mkono wake ulikuwa umeukumbatia ule mkoba.

"Ameelewa?" Euphrasia akauliza.

"Vizuri sana," Aguti akasema.

Asubuhi Euphrasia aliamka kabla ya jogoo. Akampitia Rosalba, akamwekea kiganja kifuani, akatikisa kichwa: hapana, bado. Rosalba alikwisha elezwa na mumewe, akakubali, ingawa mtoto alilia kidogo na moyo wa mama si jiwe. Mama Euphrasia akachota ajon ya chungu kipya, ikatiwa maji ya moto, mirija mirefu ikapangwa. Wazee wakaja na viti vyao. Mzee Ekwaro, mdogo wa marehemu mume wa Euphrasia, akakaa karibu na chungu, akasema amekaa hapo kwa ajili ya mila tu.

Wakati wa shughuli hizo Senyora akaomba kumbeba mjukuu kidogo. Nani atamnyima nyanya mjukuu? Akazunguka naye nyuma ya nyumba, akimwimbia.

Kulipokucha sawasawa mtoto akaletwa mlangoni. Rosalba akakaa ndani ya kizingiti, kimya kama alivyoagizwa. Euphrasia akachovya kidole. Akakiweka mdomoni mwa mtoto.

"Anyait," Euphrasia akasema.

Mtoto akapiga mwayo. Tena mwayo wa mtu aliyemaliza kula kwa jirani. Kisha akacheua, na tone la maziwa likamtiririka kidevuni mbele ya ukoo wote.

Euphrasia akamtazama Rosalba. Rosalba akatikisa kichwa, macho yamemtoka: si mimi. Vivianne, aliyekuwa amesimama pembeni na sufuria, akaangalia mbingu. Euphrasia akarudia jina, mtoto akageuza uso. Akaita Aluka, akaita Akwii, akaita hata Benedetta kwa ajili ya wale wa kanisani. Hakuna. Mtoto alikuwa amelala fofofo na kidole kiko mdomoni.

"Tungoje aamke," Mzee Ekwaro akasema, akivuta mrija. "Lakini jua likiondoka uani, tumemaliza. Mila haiwashi taa."

Euphrasia aliingia jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa. Aguti akamfuata mpaka mlangoni, akamwona akisugua sufuria ileile huku machozi yakidondokea ndani yake, akarudi nyuma.

Akamkuta Senyora ameketi chini ya ukingo wa paa, mkoba magotini. Mkoba ulikuwa wazi, na ndani yake, kando ya mtandio, kulikuwa na chupa ndogo ya mtoto, imebaki povu tu. Aguti akaitazama chupa. Senyora akamtazama Aguti.

"Uliniambia anahukumiwa," Senyora akasema taratibu, ili aeleweke. "Mtu haendi mbele ya hakimu na njaa."

Aguti alihisi ardhi inamwita. Kumbe ni yeye. Si Vivianne, si Rosalba. Ni yeye na neno lake la heshima, alilolichagua kwa sababu aliona aibu kupiga hatua nne na kuuliza. Sasa mtoto atapanda basi la Nairobi bila jina la Anyait. Akakaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasema neno alilokuwa akilikwepa. Alilisema kwa Kihispania: "No sé." Sijui. Sijui kusema wanachofanya. Sikujua jana na sasa pia sijui.

Senyora akampigapiga begani. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na joto na wazee walikuwa wakinywa mbele yake kana kwamba yeye ni nguzo, akanyoosha kidole kuelekea chungu. "¿Puedo probar?"

Mzee Ekwaro hakuhitaji mkalimani. Akampa mrija. Senyora akavuta, akafumba macho, akavuta tena. Akasema hii ni kama chicha, pombe ya mahindi aliyokuwa akipika mama yake, ila hii ni ya moto na ile ni ya baridi. Akasema mama yake alikuwa akimlambisha kwenye kidole akiwa mdogo, baba asione.

Lakini Aguti alikuwa bado pale pale kwenye neno. Probar. Lilikuwa la tatu kwenye orodha ya simu. Alilipita jana bila hata salamu. Mama huyu amelitumia kuomba kuonja. Na kule Malaba, siku dereva mmoja wa lori alipokuwa akinunua viatu vya mitumba nje ya duka lake, je, simu haikumfundisha Aguti neno hilohilo kwa kujaribu kiatu? Kuonja na kujaribu, kwa Wahispania, kazi hizo mbili zina mtu mmoja.

"Probar," akasema, akamshika Senyora mkono. "Hatumhukumu. Tunamwonjesha. Jina linawekwa kwenye kidole na ajon, mtoto anaonja. Likimfaa, analichukua. Akilikataa, hakuna wa kumlazimisha."

Senyora akauondoa mrija mdomoni. Akauangalia ua wote, wazee, chungu, mlango alimoketi binti yake. "Na mama yako," akauliza, "alitaka aonje nani?"

Basi Aguti akamsimulia. Hakufungua simu, na Kihispania chake kilikuwa cha kuchekesha. Mchi wa kinu aliuita fimbo kubwa ya chakula, na bibi arusi akamwita mwanamke mpya. Lakini alisema yote. Kwamba mama yake alikuja hapa peke yake kutoka nchi nyingine, wakamcheka anavyoongea. Kwamba palikuwa na mama mkwe aliyekaa mlangoni na fimbo kubwa ya chakula ili mwanamke mpya asifukuzwe. Kwamba huyo ndiye Anyait.

Senyora alisikiliza kichwa kimeinama. Alipokiinua, alimwangalia Rosalba pale kizingitini, mwanamke mpya kutoka nchi nyingine, akiwa peke yake kwenye mkeka na mtoto aliyelala. Alimwangalia muda mrefu.

Jua lilikuwa limebakiza upande mmoja tu wa ua mtoto alipoamka. Aliamka kwa hasira, mdomo wazi, akitafuta. Wazee wakainua vichwa. Euphrasia akatoka jikoni akikimbia, mikono ina majivu na sabuni hadi viwikoni, akasimama, akaiangalia mikono yake. Hawezi kumtia mtoto majivu mdomoni. Akageuka kutafuta maji.

Senyora hakungoja maji. Aliinuka, akamchukua mtoto kwa Rosalba, akaenda kwenye chungu, akachovya kidole chake. Wazee wakaacha mirija. Asubuhi ile, Senyora akiimba nyuma ya nyumba, Aguti alikuwa amesikia jina moja likirudiwarudiwa ndani ya wimbo: Saturnina. Akajua ni nani. Kila nyanya ana Anyait wake.

Senyora akaweka kidole mdomoni mwa mtoto. "Anyait," akasema.

Mtoto akakikamata kidole kwa nguvu zote, akanyonya, akanyonya tena, mashavu yakibonyea.

Nyuma ya jikoni Okurut alisahau heshima, akachomoka mpaka katikati ya ua, akajikuta pua kwa pua na mama mkwe wake, akageuka na kutimka alikotoka. Vicheko vikapasuka. Mzee Ekwaro akakuna kidevu, akauliza kama kidole cha mgeni kinahesabika, kwa kuwa hakumbuki kuliona jambo hilo.

"Ng'ombe akishakunywa," Euphrasia akasema, "utauliza nani aliyeteka maji?"

Vivianne ndiye alianza vigelegele, na alivipiga kwa bidii ya mtu anayelipa faini. Euphrasia aliosha mikono, akaja, akampokea mtoto. "Anyait," akamwita. Akamwita tena, kwa sauti, kuelekea mlangoni, kuelekea shambani, kuelekea barabara ya malori. Alikuwa akilia na hakujali nani anaona. Kisha akamgeukia Senyora.

"Aguti, mwambie kwamba binti yake hatalala njaa katika mji huu maadamu mimi ni hai. Na huyo atakayemcheka, ameanza na mimi."

Aguti akatafsiri. Neno moja moja, bila simu, na hakuna lililokosea njia.

Senyora akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akajibu, na jibu lake lilikuwa refu.

"Mwambie nimesikia, na nimemwamini. Mwambie pia kwamba alfajiri nilimwona alivyomwashiria binti yangu asinyonyeshe. Mimi hakuna hakimu niliyemwogopa, mwanangu. Kihispania chako kilinichekesha tu. Binti yangu alikwisha nieleza usiku kidole ni cha nini, na nimelea watoto saba, najua jinsi kidole na njaa vinavyoelewana. Nilimshibisha ili kidole chake kishindwe, nami nimwite jina la mama yangu baadaye. Nililishika mdomoni mpaka pale kwenye chungu. Lakini umenieleza habari za yule wa mlangoni. Mama yangu ataelewa. Yeye angekaa naye pale mlangoni."

Aguti alisimama katikati ya wanawake wawili na mzigo wote ule mikononi. Mama yake alikuwa akingoja.

"Anasema nini?"

Aguti akatoa simu, akakitazama kioo kilichozima kwa muda, kama mtu anayetafuta neno gumu.

"Anasema asante."

"Maneno yote hayo ni asante?"

"Wahispania, Mama, hawabani matumizi."

Euphrasia akamtazama Senyora. Akautazama mkoba, ambao shingo ya chupa ilikuwa imechungulia nje yake. Senyora akautazama mkoba pia, kisha akamtazama Euphrasia, wala hakujisumbua kuufunga. Mtoto alikuwa ameanza kulia tena.

"Basi mwambie namshukuru," Euphrasia akasema, huku akimkabidhi Anyait kwa mama yake anyonye. "Na uhakikishe inakuwa ndefu kama yake."